Maganda ya Risasi Kwenye Posa

Jamani, kuna aibu ya kujikwaa mbele za watu, ukainuka, ukajikung'uta, ukaendelea na safari, na kuna aibu yangu mimi, mwanamke mzima wa Tanga, shangazi mtu, niliyepeleka maganda ya risasi kwenye posa. Chekeni tu, hata mimi sasa nacheka, ila siku ile ningeonyeshwa shimo ningeingia na viatu vyangu.

Tuanze na hayo maganda, maana najua mtaniuliza. Mimi na mume wangu, Baba Lulu, ni wanachama wa klabu ya kulenga shabaha huku ughaibuni, hapa mjini Woodbridge (yeye ndiye aliyeanza kwa mbwembwe, mimi nikaja kumshinda, hayo tuyaache), na kwa kuwa bastola zinakula risasi bila huruma, huwa tunaokota maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa, tunayaosha na kuyajaza upya. Kuyakagua ni kazi yangu na sitaki mchezo, kwa sababu ganda lenye ufa, au lililovimba karibu na kitako, ukilijaza tena linaweza kukupasukia mkononi. Nayachambua kama mchele, moja moja, kwenye sinia kubwa nililokwisha kulitenga na mambo ya chakula kwa kuwa masizi yake yana sumu. Daudi, mtoto wa marehemu kaka yangu ninayeishi naye, hukaa nami mezani akinisaidia.

Sasa huyo Daudi akampenda Furaha, binti wa Kikongo wa kule Sterling, akapenda kweli kweli mpaka akawa anaosha vyombo bila kuambiwa. Kikwazo kilikuwa baba mtu. Papa Furaha alikimbia vita Uvira, hana maneno mengi, na alikwisha kusema kwamba Daudi ni kijana wa kuchezea maisha. Tulimbembeleza mpaka akakubali twende Jumamosi tuseme shida yetu, naye akisema hapana, basi iwe hapana, tusirudi tena.

Asubuhi hiyo nilipanga visheti vyangu kwenye sinia jipya, doti ya kitenge ya mama yake Furaha juu yake, nikafunika na kitambaa cha kufuma. Kugeuka naona maganda yangu yanakauka kwenye sinia lake pale pale kwenye kaunta, na wenzetu wa kanisani wako njiani kuja kutuombea kabla ya safari. Nikaona haya. (Mtu analenga shabaha mbele ya wanaume ishirini, anaogopa mama wa kwaya!) Nikachukua kitambaa cha pili, pacha wa kile cha kwanza, nikayafunika, nikapanda juu kufunga kilemba, na wakati wa kuondoka Baba Lulu akabeba sinia lililokuwa karibu na mlango.

Njiani sinia likawa linalia kila tukipita kwenye tuta.

"Mama Lulu, hivi visheti ni vya mawe?"

"Vimekauka inavyotakiwa. Wewe endesha gari."

Nilijibu kwa kiburi hivyo hivyo, Mungu ananiona.

Kufika, sebule imejaa wajomba na mashangazi, kimya, sinia likawekwa mezani katikati. Baba Lulu ndiye tuliyempa usemaji, naye akisimama kusema hutamani akae. Akaeleza tulivyoona ua kwenye bustani yao, tulivyokosa usingizi, akamalizia: "Tulicholeta ni kidogo, lakini ndicho kinachoonyesha nia yetu kwenu." Akafunua.

Yalimeta, jamani. Mimi nikiosha naosha. Shangazi mmoja akapiga ukunga, mjomba mmoja akakumbatia watoto, na Papa Furaha akasimama polepole, akasema kwa Kiswahili cha kwao, risasi akiziita masasi.

"Munaniletea masasi? Ku nyumba yangu? Mi nilikimbia masasi, nilizika batu juu ya masasi, na nyie munakuja nayo kuomba mutoto wangu?"

Msemaji wetu alikuwa amekodolea macho kitambaa mkononi, mdomo wazi. Daudi alikuwa ameshika kichwa. Nikaona ndoa ya mtoto wa kaka yangu inakufa mbele yangu kwa ajili ya haya zangu za kijinga, nikapiga magoti kwenye zulia na kilemba changu, nikasema kila kitu, visheti, kaunta, mama wa kwaya, huku machozi yananitoka. Nikainua ganda moja. "Tazama, baba, halina kitu. Tundu linapita mpaka upande wa pili."

"Na unayafanyia nini?"

"Nayakagua. Mabovu yanatupwa, yasije yakamuumiza mtu."

Kisha akamgeukia Daudi.

"Na wewe, unajua hii kazi?"

"Naijua, baba."

"Nionyeshe."

Maganda yale nilikuwa sijayakagua bado, hata mimi sikujua kama kuna bovu. Daudi akasogea mezani. Akachota machache kiganjani, akayatikisa karibu na sikio. Yalilia vizuri kama sarafu, akayaweka pembeni. Akachota mengine. Tena mengine, na safari hii sauti ikakwaruza. Akapitisha ukucha kwenye mdomo wa kila ganda, moja moja, bila haraka, utafikiri tuko nyumbani, mpaka akalipata lenye ufa mwembamba kama unywele. Papa Furaha akavaa miwani, akalipeleka dirishani.

"Njo kweli," akakubali. "Iko na ufa."

Lakini Daudi alikuwa ametenga na jingine.

"Na hilo? Iko na ufa nalo?"

"Sijui, baba. Naona kama limevimba kidogo. Sina hakika."

"Sasa kama hauna hakika, unalitupa juu ya nini?"

"Ndiyo maana nalitupa. Kwa sababu sina hakika."

Mzee akavua miwani. Akamtazama Daudi.

"Batu bote benye niliona na bunduki," akasema, "bote balikuwa na hakika."

Akakaa. Sauti ya Furaha ikatoka juu kwenye ngazi alikokuwa amejificha: "Papa, so is that a yes?"

"Kwanza munawe mikono yote, na sabuni," akasema yule mzee, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. "Kisha tukule na mukwe wangu."

Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, Baba Lulu akarudiwa na maneno yake yote, na yule shangazi wa ukunga ndiye aliyenivuta tucheze. Nimeshinda vikombe pale klabuni, lakini hakuna siku niliyotoka mahali nimeinua kichwa kama siku ile tuliyotoka Sterling. Ila nimekoma. Siku hizi nikialikwa popote, napeleka soda.