Jiko la Mwalimu Advera

Mtu asiyeomba kupunguziwa bei hunitia wasiwasi. Advera aliingia dukani kwangu mtaa wa Isevya na wanafunzi wake, akagonga bati kwa kidole, akauliza, "Mvua ikipiga hapa, aliyelala chini yake atamsikia mwenzake akiita?"

"Mwalimu, mimi nauza bati. Usingizi siuzi."

Akacheka, akaniambia nimwekee mabati ya nyumba nzima. Alikuwa msanifu majengo, anafundisha chuo Dar es Salaam, na kila likizo alikuja huku kuchunguza nyumba kuukuu za njia ya misafara, wapagazi walipumzikaje. Safari hii wafadhili walimpa kazi Ulyankulu: nyumba ya wajawazito kungojea siku zao karibu na zahanati, maana wengi walijifungulia njiani.

Ramani ya wafadhili haikuwa na jiko. Rustika, msemaji wa akina mama pale, alimwambia waziwazi: "Mama mkwe hanileti mahali asipokuwa na pa kunipikia uji." Advera akaifuta ramani. Vikao vikaanza: jiko liwe wapi, moshi uende wapi, mama mkwe alale wapi. Wanafunzi walichora vyumba chini kwa majivu, akina mama wakatembea humo, wakakataa, vikachorwa upya. Jiko likajengwa kwanza, kwa majaribio.

Nilipopeleka mabati ya jiko hilo nilimvuta Advera pembeni. "Mwalimu, simamisha nyumba kubwa. Mtabishana mkiwa ndani."

"Kaka Nasri, nikiwaharakisha watanyamaza, nami nitadhani wamekubali."

Hakukosea. Ila mwaka wa fedha wa wafadhili uliisha msingi wa nyumba kubwa haujachimbwa, wakafunga mradi. Aliwafuata kuwasihi, akarudi mikono mitupu.

Mvua zilipoanza nilikuwa na mzigo wa kule, nikampa lifti. Jikoni tulikuta wajawazito watatu wamelala mikekani, mama mkwe mmoja akikoroga uji katikati yao.

"Karibu Mwalimu," Rustika alisema, kwa shukrani kabisa. "Jiko lako halina moshi. Tunalala vizuri."

Advera alibaki mlangoni. Tukiwa garini akasema, "Ningewajengea hata vyumba vya ovyo, leo wangekuwa na vyumba."

Sikumbishia. Mabati ya nyumba kubwa nilishayauza kwa mwingine, hasara sikupata. Yeye amepata somo la kufundishia, na nasikia wanafunzi hugombea kiti darasani kwake. Akina mama wa Ulyankulu wana jiko ambalo sijaona mfano wake mkoa huu. Wanaenea watatu. Akija wa nne, anarudishwa kwao kungojea huko huko.