Tunataka Kura

Nimejikasirikia hadi nimechoka. Mimi ndiye yule Wekesa wa chuo kimoja hapa Wendani ambaye kila dhuluma lazima aiposti kabla hata ya kuielewa.

Jumatano asubuhi Wambui, jirani yangu wa hosteli, alinitumia sauti kwa simu: "Wekesa, wamefunga tena! Sisi tunataka kura!"

Uchaguzi wa wanafunzi ulikuwa umeahirishwa mara mbili, basi damu ikanichemka. Nimpigie kwanza nimuulize? Wapi! Nikaposti sauti yake na #TunatakaKura, na kufikia saa sita hata watu wa Ruiru na Thika walikuwa wanaisambaza.

Mkuu wa chuo, mama mkali, akatuita ukumbini. Nikaingia na bango kubwa, simu ikirusha laivu.

"Haya Wambui, nani amewanyima?" akauliza.

"Mwenye kantini, madam. Amefunga tangu Jumatatu. Hata chai hakuna."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kwa ulimi wa Wambui, kula na kura ni neno moja. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wambui akageuka, akasoma bango langu, akashika kiuno.

"Ghai, Wekesa! Nani amekufunza kuandika kura na r?"