Mahali pa Kuanika Mlenda

Nyumba yangu ya Dodoma niliikarabati kwa ajili ya mama, na sikumuuliza mama kitu hata kimoja.

Baba alipofariki, mama alibaki peke yake kijijini, Kongwa, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umeanza kumsumbua. Alianguka mara mbili akitoka kisimani. Nikamwomba ahamie kwangu. Alikubali kuja kujaribu tu, na neno hilo alilitamka mara mbili ili nilisikie. Basi nikajitosa. Chumba chake nikakipiga rangi mpya, nikaweka dari la jipsamu, marumaru sakafuni, na uwanja wote wa mbele nikautandazia matofali ya pevingi mpaka getini, vumbi likome. Niliuliza mafundi, niliuliza wauza vifaa, niliuliza wenzangu wa ofisini. Nilijiona mtoto wa mfano.

Mama alifika na begi moja. Nikamuuliza jiwe lake la kusagia liko wapi, lile la karanga na mlenda, alilokuwa nalo tangu sijazaliwa.

"Nimeliacha nyumbani," akasema. "Huku mimi ni mgeni."

Neno hilo lilinichoma, lakini nilijifanya sijasikia.

Mvua za Februari zilileta majani ya mlenda, mboga yetu ya kukaushwa, kwenye kiwanja kisichojengwa nyuma yetu. Jioni moja nilirudi kutoka kazini, geti lilikuwa wazi, jua la magharibi likinipiga usoni, nikaingia na gari kwa mbwembwe zangu za kila siku. Nikasikia majani makavu yakivunjika chini ya matairi. Mama alikuwa ameanika mlenda wake kwenye pevingi.

Badala ya kuomba radhi, nikafoka. "Mama jamani, hapa ni pa gari!" Aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Aliinama, akakusanya kilichobaki, kisha akasema Jumamosi atapanda basi. "Kwetu tulikuwa tunaanika juu ya paa. Hapa kwako kila mahali ni pa kitu kingine."

Alikulia kwenye tembe, lenye paa tambarare la udongo, la chini kiasi kwamba mama yake alilifikia akiwa amesimama tu. Karanga, mtama, mlenda, vyote vilikauka pale. Paa langu mimi ni la bati, limechongoka, hata kunguru hupata tabu kutua.

Kesho yake nikamwita fundi aliyenitandazia pevingi, Mrangi wa Kondoa, mtu wa maneno machache. Nikaanza kumwelekeza: banda la kuni pale konani, juu yake tumwage zege tambarare la kuanikia. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanipita, akaenda alipokaa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Wewe unataka liwe wapi, na lifike wapi?"

Mama aliinuka, akaenda kwenye ukuta wa jikoni, akaweka kiganja ukutani usawa wa kiuno chake. "Hapa. Nianike bila kuinama. Na liwe hapa hapa, si konani anakosema mwanangu. Kule mti wa jirani unatia kivuli mchana kutwa."

Alikuwa sahihi. Fundi akachora mstari wa chaki usawa wa mkono wa mama. Miezi minne mama amekaa kwangu, na huyo ndiye mtu wa kwanza kumuuliza anataka nini. Nilizunguka nyuma ya gari, nikalia.

Tuling'oa sehemu ya pevingi zangu nzuri. Mama alisimamia. "Mteremko kidogo huku, maji yatoke," akasema, na fundi akarekebisha na pima maji yake bila kubisha. Mimi nilibeba ndoo za kokoto. Jumamosi ya basi ilipofika, zege lilikuwa bado bichi, na mama akasema hawezi kuondoka, kwani nani atalimwagilia maji asubuhi na jioni lisipasuke? Sikuthubutu kumwambia kwamba ningeweza mimi.

Lakini zege hukomaa. Siku fundi alipozitoa mbao zilizoshikilia zege, nilirudi mapema kutoka kazini, nikitazamia kuona begi mlangoni. Nilimkuta penye ukuta wa jikoni, wima, mlenda umetandazwa juani, anageuza majani kwa ncha za vidole.

"Ukipata nafasi ya kwenda Kongwa," akasema bila kugeuka, "kaniletee jiwe langu."

Nilikwenda asubuhi iliyofuata. Nililiweka kiti cha mbele, nikalifunga mkanda.