Kikopo Nilichompa Hamisi

Jamani, haya nayasema nikiwa nimeinamisha uso, maana hata leo nikipita penye benchi la hospitali naona kama wote waliokaa pale wananijua.

Mimi ni muuza nazi wa Mchinga, na mimi na mke wangu Zuhura tulikuwa tumekaa miaka saba bila mtoto. Yeye alishapimwa Lindi mjini mpaka akachoka, akaonekana hana tatizo, ikabaki zamu yangu, tukaelekezwa kliniki moja Dar. Dokta wa pale, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akatueleza kwamba mbegu za mume zinahesabiwa kwa darubini, zinatazamwa kama zinaogelea vizuri, halafu zinagandishwa kwenye mtungi wenye baridi kali kuliko barafu, zikae humo mpaka siku ya mke ya kushika mimba ifike, ndipo ziyeyushwe na kuwekwa tumboni. Akasema mume akiwa hana mbegu, wapo wanaotumia za mchangiaji, mtu aliyepimwa maradhi, mbegu zake zikawekwa miezi, akapimwa tena, na jina lake halitajwi. Nikaruka kwenye kiti.

"Haramu hiyo, dokta! Mbegu ya mtu mwingine haiingii nyumbani kwangu!" (Nilisema mimi, kwa kinywa hiki hiki.)

Nikapewa kikopo chenye jina langu na kuonyeshwa chumba. Sasa, ujanani niliugua matumbwitumbwi yakashuka mpaka kwenye korodani, na miaka yote hiyo nilikuwa naogopa kimoyomoyo kwamba tatizo ni mimi. Binamu yangu Hamisi, mkazi wa Dar na baba wa watoto wanne, alikuwa amenisindikiza, basi Zuhura alipokwenda kujaza fomu nikamvuta pembeni.

"Ni kipimo tu, ndugu yangu. Nipate karatasi nzuri ya kuonyesha nyumbani."

Hamisi alikataa, nikamsihi, akakataa tena, nikataja undugu wetu, akakichukua kikopo akaingia.

Majibu yakatoka mazuri mno, na mbegu zikagandishwa. Tuliporudi Mchinga nikamsomea mama yangu ile karatasi, naye akamwambia Zuhura mbele ya majirani, "Mwanangu mzima. Basi tasa ni wewe." Zuhura akanitazama nimtetee, mimi mume wake, na mimi (Mungu anisamehe) nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Siku ya Zuhura ilipokaribia tukapigiwa simu turudi Dar. Mimi nilijipanga kuomba nitoe mbegu nyingine siku hiyo hiyo, ila Zuhura alishaitwa ndani, na nesi akanijia na karatasi pale kwenye benchi lililojaa watu.

"Dada, naomba kikopo kingine, nitoe upya."

"Cha nini, baba? Zako tunazo, zimeshayeyushwa. Saini hapa kwamba ni zako."

Nikashika kalamu, sikusaini. Nesi akaniharakisha, nikaona mlango unafungwa, nikapiga kelele, "Msimwekee! Si zangu! Ni za Hamisi!"

Benchi zima likageuka kunitazama. Mlango ukafunguliwa, Zuhura akatoka amejifunga khanga, hakupaza sauti.

"Ungeniacha nimzalie shemeji yangu?"

Nikamrudishia nesi kalamu yake.

"Na mama aliponiita tasa, ulikuwa unajua?"

Hapo nikalia, mtu mzima, mbele za watu. Dokta akaagiza mbegu zile zimwagwe, akaniambia taratibu, "Mchangiaji anasaini, na mke anaulizwa kama anakubali. Wewe mkeo hukumuuliza."

Zuhura akaenda kwa wazazi wake, kijijini Sudi. Mimi nikabaki Dar nikapimwa, safari hii peke yangu, na nilichokiogopa ndicho kilichoandikwa: mbegu chache, dhaifu. Nikarudi Mchinga nikamwita mama na majirani wale wale, nikawasomea karatasi ile, kisha nikaenda Sudi kuwaeleza wakwe zangu.

Mwezi wa tatu tangu aondoke, Zuhura akarudi. Hakusema amenisamehe, alisema tu, "Nimerudi, ila vipimo vyote tutaingia pamoja."

Natumia dawa sasa, mtoto bado. Lakini nimeapa: nikiwa na aibu nitaibeba mwenyewe, sitamtwika tena mke wangu.