Zimwi la Kisimani, Kila Jumamosi

Nina miaka arobaini na mitatu na ninaangalia katuni za Kijapani. Nalisema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, tuendelee. Ofisini wananitania kila siku, nami nawajibu kwamba mazimwi yangu angalau yanajulikana ni mazimwi. Kazi yangu ni kusikiliza kanda za mikutano na kuandika kila neno lililosemwa, hata la mtu aliyejikwaa katikati ya sentensi akaanza upya. Ikifika Ijumaa kichwa kimejaa maneno ya watu. Jumamosi ni yangu.

Mama alipokuja kwangu mjini, Kikuyu, kutoka kijijini kwetu Gulwe, ilikuwa imeanza katuni mpya, sehemu moja kila Jumamosi, kumi na mbili kwa jumla. Ni habari ya msichana mfua kengele katika mji wenye visima vingi. Kila kisima kina zimwi lake, na kila kengele anayofua inafunga zimwi moja. Bibi yake, aliyemlea, alichungulia kisima kisichochunguliwa, na zimwi la humo likaondoka na macho yake.

Sikuichagua kwa sababu ya mama, lakini mama naye alikuwa haoni. Jicho la kushoto lilikuwa limezibwa kabisa na mtoto wa jicho. La kulia lilibaki na ukungu wa kumwezesha kutofautisha mlango na ukuta. Daktari, mgeni asiyejua Kiswahili, alisema, nami nikamtafsiria mama, kwamba yote mawili yanaweza kupasuliwa, waanze na la kulia, ila presha ilikuwa juu mno. Ameze dawa kwanza, apimwe kila wiki mpaka ishuke. Mama alisikiliza kwa adabu zote. Tulipofika nyumbani akasema Jumatatu anarudi Gulwe, karanga zake ziko shambani, na jirani yake alikwenda kupasuliwa jicho akiwa anaona kidogo, baadaye akawa haoni kabisa.

"Hiki kidogo changu kinanitosha," alisema.

Nilijua akishapanda gari la Mpwapwa harudi tena, na mwakani nitakuwa na mama wa kushikwa mkono hadi chooni. Yeye, aliyelima ekari tatu peke yake na kunisomesha! Nikaapa moyoni kwamba haondoki mpaka jicho lile litibiwe. Jinsi ya kumzuia sikuijua.

Njia ilijitokeza yenyewe Jumamosi hiyo jioni. Nilikuwa nimeweka kompyuta mezani, mama yuko mkekani anamenya karanga nilizonunua ili mikono yake isikae bure. Akauliza nani huyo anayelia. Nikamweleza habari ya msichana na bibi yake na visima.

"Visima vyote hivyo vina maji?"

"Vyote, mama."

"Na bado wanalalamika," alisema. Kwao Gulwe watu wanafukua mchanga wa mto ukikauka ili wapate ndoo moja. "Haya, endelea."

Basi nikawa nasoma maandishi ya Kiingereza chini ya kioo na kumtafsiria papo hapo, kila mhusika kwa sauti yake. Zimwi nililipa sauti nzito, likamfanya mama acheke mpaka akaacha karanga. Sehemu ile iliishia msichana ananing'inia kisimani kwa kamba inayokatika. Mama akasubiri.

"Halafu?"

"Halafu mpaka Jumamosi ijayo."

"Hawa Wajapani hawana haya," alisema. Jumatatu ilipofika hakuondoka.

Ndivyo tulivyokwenda wiki baada ya wiki. Jumanne presha inapimwa, bado iko juu. Jumatano anasema anaondoka. Alhamisi ananiuliza hivi yule msichana alipopoteza nyundo ataitoa wapi nyingine. Nilianza kuiombea ile katuni iishe vibaya kila wiki, yaani pale pabaya pa kumfanya mtu asilale. Walionicheka ofisini wangejua nilivyokuwa naitegemea, wangenyamaza.

Kosa langu lilianza kwa salamu. Katika sehemu ya tatu msichana aliingia kwa bibi yake, akaketi, akaanza kueleza shida zake. Mama akanikatisha.

"Hakumwamkia?"

"Kwao ni tofauti, mama."

"Bibi aliyemlea, tena kipofu, anamwingilia kama ng'ombe?" Alikasirika kweli. Akasema mtoto asiye na adabu hivyo aliwe tu na hilo zimwi, na yeye kesho anaondoka.

Wiki iliyofuata nikaweka shikamoo. Bibi akaitikia marahaba mwanangu, mama akatulia. Nikaona si neno, shikamoo moja itamdhuru nani? Wiki ya tano nikaongeza pole na safari. Ya sita nikamwondoa mzee mmoja aliyekufa, nikamfanya amesafiri. Mimi, ambaye kazini sithubutu kumbadilishia mtu nukta!

Sehemu ya nane ilikuja wiki ambayo presha ilikuwa imeshuka hatimaye, na tulikuwa tumepangiwa upasuaji Alhamisi inayofuata. Humo mganga wa mji anaahidi kumrudishia bibi macho, anamlaza, anamwekea visu vyake vidogo usoni, na anamharibu zaidi. Kati ya Jumamosi zote, wameona walete hii leo! Nikavuta pumzi, nikasema mganga amemponya, bibi anaona, analia kwa furaha.

Mikono ya mama ikasimama juu ya karanga.

"Analia kwa furaha?"

"Ndiyo."

"Mwanangu, nimezika watoto wawili. Nakijua kilio." Akazisogeza karanga pembeni. "Na yule msichana, anasema shikamoo kweli?"

Nikaisimamisha katuni.

"Nilijua. Neno analosema ni refu mno, tena kila siku ni tofauti." Akainuka, akapapasa ukuta mpaka chumbani. Nikamsikia anavuta begi. "Kama unanidanganya kwenye katuni," alisema kutoka kule ndani, "hayo ya daktari umenitafsiria mangapi?"

Niliona aibu iliyonichoma masikio. Nilitaka kumbembeleza, nilie, nimpigie simu mjomba aje amkalipie. Sikufanya hata moja. Niliingia chumbani na kompyuta, nikakaa kitandani karibu na begi lake, nikairudisha sehemu ya nane mwanzo. Nikamtafsiria neno kwa neno, kama ninavyofanya kazini, mganga na visu na kilio cha bibi, bila sauti za kuigiza. Ilipoisha nikachukua karatasi za Kiingereza alizotupatia daktari, nikazisoma vilevile. Kwamba wengi hupona, na wachache hawaponi. Kwamba jicho linaweza kupata vidudu na kuharibika. Kwamba akitoka asiiname, asibebe mzigo, asikae kwenye moshi wala vumbi kwa wiki kadhaa, na asikose dawa ya matone.

Mama alikuwa ameshika kamba ya begi.

"Rudia hapo kwenye kuinama."

Nikarudia.

"Yule jirani yangu," alisema polepole, "wiki ile ile aliyopasuliwa alikuwa shambani na jembe. Nilimpita nikamsalimu."

Nje watoto wa nyumba ya pili walikuwa wanagombania mpira. Kisha mama akalisukuma begi chini ya kitanda kwa mguu.

"Nitakwenda Alhamisi. Lakini huko ndani wakisema jambo, uniambie kama lilivyo. Hata likiwa baya. Na karanga zangu, mpigie mjomba wako akazivune, aache uvivu."

Alhamisi nilikaa kwenye benchi la hospitali nikiwa nimekunja ngumi kwenye mifuko ya sweta. Nilikuwa nimejiapiza kwamba jicho likiharibika, nitamwambia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ijumaa asubuhi muuguzi akambandua bandeji. Mama alifumba jicho, akalifumbua, likatoa machozi. Muuguzi akamwonyesha vidole. Viwili. Vinne. Akamwonyesha dirisha, mama akasema pazia lina maua na limechanika. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni.

Kisha akanigeukia. Alinitazama uso mzima, taratibu, kama mtu anayekagua shamba aliloliacha muda mrefu.

"Umekonda," alisema. "Na kichwa chote kimeingia mvi."

"Ndiyo, mama."

"Kila siku nakuuliza habari zako, unaniambia nzuri."

Akasogea kitandani, akapigapiga mahali alipoacha wazi ubavuni mwake.

"Kaa hapa. Sasa nieleze za kweli."