Kiondo ya Mbinya na Tiki za Bluu

Mimi nakataa. Mpaka sasa nakataa. Tumemzika Mbinya juzi kule Mbumbuni, na bado mkono yangu inataka kumtumia kitu.

Mimi ni susu ya Mwende, nyanya yake, wa hapa Mwingi. Page ni yake, yeye anaandika, mimi naongea. Mwende, andika hivyo hivyo, usinitengenezee.

Mbinya tulisuka pamoja kiondo ya kwanza tukiwa wasichana. Ilitoka imepinda kama kichwa ya ng'ombe mgonjwa. Tulicheka mpaka mama yake akatufukuza na mwiko.

Akaolewa Mbumbuni. Mbali! Hiyo miaka ya sabini hakuna simu, na mimi sijui kusoma, yeye pia hajui. Basi kiondo ndiyo ilikuwa inaongea.

Naweka ndengu, napatia Abdi, dereva wa lori ya mbuzi. Anaacha kwa duka huko mjini Sultan Hamud, Mbinya anachukua siku ya soko. Akirudi, Abdi ananiletea. "Mama Kyalo, hii kiondo imetembea kuliko mimi, iolewe basi!" Mtu mzuri huyo. Chai alikuwa anataka sukari mpaka kijiko isimame... wacha nirudi.

Kwetu kiondo hairudishwi tupu. Ikirudi na maembe, najua imefika. Na Mbinya alikuwa anafunga uzi nyekundu kwa mkanda, fundo yake mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa inaniambia amepokea yeye, kwa mkono yake.

Kuna wakati ilirudi imejaa mbaazi, na uzi hakuna. Bwana yangu akauliza, "Si imejaa? Unataka nini ingine?"

Nikapanda basi asubuhi. Nikapata Mbinya amelala, malaria imemmaliza, mama mkwe ndiye alijaza. Akafungua jicho moja. "Nilijua utakuja. Sikuweza kufunga uzi."

Halafu juzi juzi watoto wakatununulia simu. "Susu, wacha mambo ya kiondo."

Mwende akanifundisha. Tiki moja, imetoka kwako. Mbili, imefika kwa simu yake. Zikikuwa bluu, imefunguliwa. Mimi nikashika hivi: bluu ni Mbinya ameskia.

Natuma voice. "Mbinya, magoti imekataa, lakini nikuje?" Bluu. Hakuna jibu.

Natuma ingine. "Nimekukosea wapi?" Bluu.

"Amekublue-tick, Susu," Mwende ananiambia. Aii! Mbinya huyu wangu? Nikakaa kwangu na hasira yangu. Mtu akikuskia na asijibu, utaenda kwake kufanya nini?

Kumbe.

Siku ya mazishi nikauliza mke wa mtoto wake, huyo alikuwa anamchunga: Mbinya alikuwa anasema nini akiniskia? Akaniangalia hivi. "Shosho alikuwa haoni vizuri, simu ilikuwa inakaa na mimi. Nilikuwa nafungua tu ile namba ya kijani ya meseji mpya itoke. Inanisumbua."

Ati inamsumbua!

Mwende akachukua simu yangu, akaangalia. Kuna kamaiki kadogo, kapicha tu, kando ya voice. Kanakuwa bluu mtu akisikiza. Zangu zote ni kijivu. "Susu, hii mimi sikuwa nimeangalia. Hakuna mtu alisikiza." Alilia huyu mtoto. Mimi nilikuwa nimekauka.

Jirani ya Mbinya akanishika mkono. "Wewe ndiye wa kiondo? Kila siku ya soko alikuwa anauliza kama kiondo imekuja. Tunamwambia bado. Anasema, basi hiyo lori imeharibika, itakuja tu."

Lori! Abdi alikufa zamani, kiondo ilikuwa inaenda na matatu.

Msiniandikie pole hapa chini. Kama simu ya mama yako iko kwa mfuko yako, mpelekee, mwekee kwa sikio.

Na wewe mke wa mtoto, najua hii itakufikia. Fungua, namba itoke.

Mbinya, hukunyamaza. Na mimi sikunyamaza. Walituwekea ukuta katikati, kila mtu akafikiria mwingine amechoka.

Kiondo nimekuachia hapo kwa kaburi, na ndengu ndani. Uzi nyekundu nimefunga mimi, na hizi vidole zimepinda.

Hii ya leo usirudishe. Lala, mwaitu, mama. Lala tu.