Nilivyoijumlisha Damu ya Kijiji

Nimefundisha shule ya msingi karibu maisha yangu yote, na ugonjwa wa walimu naujua: hatuwezi kuona orodha ya majina tukaiacha bila kuipanga. Nimestaafu, naishi Kitaji hapa mjini Musoma, na bado nikipita penye foleni najikuta nahesabu nani ni wa ngapi. Ugonjwa huo uliwahi kumgharimu mtu asiyekuwa na kosa.

Ilikuwa miaka ile ya uhaba. Sabuni tulikuwa tukiisikia kwa jina tu, nguo tukifulia majani ya mpapai. Nilikuwa nafundisha upande wa Mugango. Akaja daktari mmoja wa kike na wasaidizi wawili, wamebeba sanduku la barafu. Walitaka damu ya watu wasioumwa, wapime madini yaliyomo: chuma, shaba na zinki, vitu ambavyo mwili unavihitaji kidogo sana lakini hauwezi kukaa bila hivyo. Daktari alitaka kujua watu wenye afya wanatofautiana kiasi gani. Wagonjwa waliojipanga tangu alfajiri wakarudishwa nyumbani.

“Dakitari gani huyu anakataaga wagonjwa?” akauliza mzee mmoja. Mwingine akamjibu kwamba kama wanatafuta madini, machimbo ya Buhemba si mbali, waende wakachimbe huko.

Aliyewanyamazisha ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Alikuwa mkunga. Nusu ya wanafunzi wangu walipokelewa na mikono yake, na siku ya kuzalisha alikuwa akitoka moja kwa moja shamba la muhogo, ananawa, anaingia kazini. Alikunja mkono wa gauni, akachomwa bila kukunja uso, kisha akawatazama wanaume mpaka wakajipanga. Tulifika watu arobaini, nami nikiwamo.

Baada ya miezi mingi majibu yakaja kwa anwani ya shule. Karatasi moja iliyopigwa chapa: jina, chuma, shaba, zinki. Chini ya jedwali palikuwa na mistari minne ya Kiingereza kwa herufi ndogo. Niliiona. Nilikuwa na haraka ya namba.

Nikafanya nilichozoea kufanya kila muhula. Nikachukua chuma, shaba na zinki za kila mtu nikazijumlisha, kama unavyojumlisha Hesabu, Kiswahili na Siasa. Nikaandika jumla pembeni, kisha kwa wino mwekundu nikaandika nafasi, wa kwanza hadi wa arobaini. Jumapili, watu walipotoka kanisani, nikasimama nje nikasoma. Walipiga makofi kama siku ya kufunga shule. Wa kwanza alikuwa mvuvi mmoja mwembamba, na wiki nzima alitembea kama bwana harusi. Mimi nilikuwa wa tatu, na sitadanganya, nilifurahi.

Wa arobaini alikuwa shangazi. Nilisita kidogo, kisha nikasoma. Darasani hatumfichi wa mwisho.

Hakuna aliyemtukana. Wanawake waliacha tu kumwita. Mkunga damu yake haina nguvu, walisema, atamshikaje mtoto wa mwenzake? Mmoja aliamua kwenda zahanati kwa miguu uchungu ukiwa umeshaanza, akajifungulia shambani mwa watu, peke yake. Mtoto alipona. Mama yake aliumwa muda mrefu. Shangazi alipata habari hiyo kama wengine, akiwa amekaa barazani kwake, mikono mapajani.

Kilichonitisha ni yeye mwenyewe kuamini. Aliacha kubeba kuni. Alianza kuomba supu ya samaki kila siku.

“Mbona nilikuwaga mzima?” aliniambia. “Tangu umenisoma, mwanangu, nasikia kizunguzungu.”

Nilimpelekea sato wawili, nikaona nimefanya jambo.

Mwaka uliofuata daktari alirudi kuchukua damu ya pili. Nikamwonyesha karatasi yangu, tena kwa majivuno. Aliutazama wino mwekundu kwa muda.

“Mwalimu, umejumlisha shaba na chuma?”

“Ndiyo. Ili nipate jumla.”

“Jumla ya nini?”

Akaniuliza, nikiwapanga wanafunzi wangu kwa urefu, yule wa mwisho huwa mgonjwa? Nikasema hapana, huwa mfupi tu. “Sasa hawa ni hivyo,” alisema. “Wazima hawalingani. Hata mtu mmoja, ukimpima asubuhi na ukimpima jioni, namba zake hazitakuwa sawa.” Kisha akaweka kidole chini ya jedwali, akaniambia nisome ile mistari minne. Ilisema kwamba watu wote waliopimwa ni wenye afya, na viwango vyao vyote ni vya kawaida. Ilikuwa pale mwaka mzima, mfukoni mwangu.

Jumapili nikasimama pale pale nje ya kanisa, nikaitafsiri mistari yote, nikasema nimekosa. Watu waliitikia kwa adabu. Hakuna aliyepiga makofi. Shangazi alikuwa nyuma, ameegemea ukuta.

“Kunisoma ulinisoma mara moja, wakasikia wote,” alisema. “Sasa unadhani wameshasahau?”

Hawakuwa wamesahau. Mkunga wao aliendelea kukaa barazani, mpaka mke wangu aliposhikwa na uchungu wa mtoto wetu wa kwanza, saa sita mchana, nami nikiwa tayari nimeazima baiskeli ya kumpeleka zahanati. Akaniambia niiache. “Nendaga kamwite shangazi,” alisema. “Na upite njia kubwa, watu waone unamwita.”

Nilipita njia kubwa. Shangazi alikuja polepole, tofauti na zamani. Nilimwekea maji na kipande cha sabuni halisi. Maduka yalikuwa yameanza kujaa tena. Hakukigusa. Alisimama kizingitini, akamwuliza mke wangu, nami nikisikia:

“Umesikia kwamba mimi ndiye wa mwisho?”

“Nimesikia, shangazi. Aliyesoma ni huyu hapa, na hesabu alikosa.”

Ndipo akanawa. Binti yetu alizaliwa kabla jua halijazama ziwani, na baada ya hapo wanawake wakarudi, mmoja mmoja. Alizalisha miaka mingine mingi, kizunguzungu kikaisha. Lakini mpaka anafariki hakuingia nyumba yoyote kuzalisha bila kwanza kusimama mlangoni na kumwuliza mwenye uchungu swali lile lile, na hakunawa mikono kabla hajajibiwa.